Kusoma Sanaa za Ufundi na Usanifu: Njia za Kijana wa Chang'ombe Kufika Chuoni

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na hasa baada ya mji huo kupewa hadhi ya Jiji tarehe 26 Aprili, 2018, mahitaji ya mabango, nembo, vipeperushi na mapambo ya ndani ya majengo yameongezeka. Sehemu ya kazi hizo hufanywa na vijana wa kata kama Chang'ombe, ambao wamejifunza kuandika mabango ya saluni, maduka na vibanda vya chakula kwa kuwatazama mafundi waliowatangulia. Kazi yao inaonekana na inalipwa. Hata hivyo, pale taasisi inapotangaza zabuni au nafasi ya ajira ya msanifu, jambo la kwanza kuulizwa ni cheti. Makala haya yanaeleza namna ya kukipata, pamoja na gharama ambazo familia nyingi huzigundua baada ya mwanafunzi kuanza masomo.

Sanaa za ufundi ni jina linalojumuisha uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, uchapaji, ususi, batiki na kazi nyingine ambazo mtazamaji huzipokea kwa macho. Usanifu ni taaluma ya kupanga maandishi, picha na rangi kwa ajili ya matumizi maalumu, kama vile jalada la kitabu, kifungashio cha bidhaa au alama za kuongoza wagonjwa hospitalini. Vyuo huziunganisha taaluma hizi kwa kuwa msingi wake ni mmoja, nao ni kuchora kwa kutazama.

Kwa mkazi wa Dodoma, chuo kikuu kilicho karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, ambacho hutoa Shahada ya Awali ya Sanaa za Ufundi na Usanifu kwa muda wa miaka mitatu. Ukaribu huo una uzito wake: mwanafunzi anaweza kuendelea kuishi nyumbani na kuwahudumia wateja wake wa mtaani wakati wa likizo.

Sharti la jumla la Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili kwa kiwango cha juu, wenye jumla ya alama zisizopungua 4.0. Masomo mahususi yanayokubalika kwa kila programu huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa udahili wa Tume hiyo. Mwombaji anashauriwa kuusoma mwongozo wa mwaka wake mwenyewe, kwani wa kaka yake wa miaka mitatu iliyopita unaweza kuwa na masharti tofauti.

Wengi wanaochora vizuri hawakufika kidato cha sita, na kwao njia iliyo wazi zaidi ni ya stashahada. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa na kuwa Wakala wa Serikali mwaka 2007, hufundisha sanaa za ufundi sambamba na ngoma, muziki na maigizo. Mafunzo ya aina hii husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, nayo hupanda kwa ngazi kutoka ya 4 hadi ya 6, ambayo ndiyo stashahada. Kwa kawaida, anayeanza ngazi ya 4 anatakiwa kuwa na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Mwenye stashahada yenye ufaulu mzuri anaweza kuomba shahada.

Kwa fundi ambaye hana hata ufaulu huo, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake, huelekezwa pale penye upungufu na hupewa cheti. Uandishi wa mabango ni miongoni mwa fani zinazotambuliwa na VETA, jambo ambalo mafundi wengi wa mitaani bado hawalijui.

Kwa walio sekondari sasa, mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, na sanaa bunifu ni sehemu yake. Mzazi mwenye mtoto anayechora aiulize shule mapema kama inatoa fani hiyo, kwa sababu uamuzi wa kidato cha kwanza ndio unaoamua milango ya baadaye.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama msanii anahitaji chuo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, hakusoma sanaa darasani. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za madukani juu ya hadibodi, na leo mtindo unaobeba jina lake unafahamika duniani. Kwa upande mwingine, Sam Ntiro alipitia Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha akasoma London, akarudi kufundisha, na baada ya Uhuru akaiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza. Chuo hakikumpa Ntiro kipaji. Kilimpa uwezo wa kufundisha wengine na kuandika juu ya sanaa, na huo ndio mtaji ambao fundi wa mtaani hukosa anapokaa mbele ya kamati ya zabuni.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hugawa mkopo kwa vipengele, vikiwemo ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na mahitaji maalumu ya kitivo. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachomgusa zaidi mwanafunzi wa sanaa. Karatasi nzito, brashi, turubai na rangi huisha na kununuliwa upya kila muhula, na anayechelewa kuvipata huchelewa na kazi zinazohesabiwa katika alama zake. Ikumbukwe pia kwamba mkopo hurejeshwa: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na msanii aliyejiajiri naye anawajibika kulipa.

Mwombaji aanze mapema kuhifadhi kazi zake. Hata pale udahili unapotegemea alama za mitihani pekee, mwalimu, mteja na mwajiri wataomba kuziona. Michoro kumi iliyochorwa kwa kutazama vitu halisi, kama mkono, kibuyu au paa la nyumba ya jirani, humweleza mtu zaidi ya nakala hamsini za picha za wanamuziki. Kila kazi iandikwe tarehe na kutiwa saini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda msanii katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini mchoro usio na jina ni mgumu kuutetea.

Mahali pazuri pa kuanzia mazoezi hayo ni Kondoa, kaskazini mwa Jiji. Michoro ya miambani ya huko iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis waliinakili kwa mkono, mwamba mmoja baada ya mwingine. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya hivyo kwa daftari na penseli, akiwa na mwongozaji wa eneo hilo na bila kuugusa mwamba.