Mwanza Kutokea Usagara

Mgeni akifika Mwanza huonyeshwa mawe kwanza. Atapelekwa kwenye Jiwe la Bismarck, apandishwe Capri Point kutazama machweo, kisha avushwe hadi Saanane, kisiwa kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Mwenyeji akiwa msomi ataongeza kwamba Speke, msafiri Mwingereza, aliliona Ziwa Victoria mwaka 1858, na kwamba Wajerumani walijenga kituo chao hapa mwaka 1892. Yote hayo ni kweli, na mawe yenyewe yanapendeza. Ila tarehe za namna hiyo humfanya mgeni adhani mji huu ulizaliwa na maji, ilhali waliouzaa na kuulisha ni wakulima wa nyuma yake. Ushahidi wao unaanzia njia panda ya Usagara, wilayani Misungwi, inakokutana barabara ya Shinyanga na ile ya Sengerema na Geita.

Tuanze na pamba. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mzigo uliokuwa ukiisubiri ulikuwa wa mashambani: robota za pamba ya Usukuma. Wakulima hao hawakubaki kuwa vibarua wa historia ya wengine. Ugomvi wao na wanunuzi ulianzia kwenye mizani, kwa sababu walichoka kupunjwa, na kutoka hapo wakajenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Muungano huo ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Sijui kwa nini mgeni asimuliwe habari za Speke, aliyepita tu, na asisikie za mizani.

Atakayenipinga atasema: na samaki je? Si ndio chakula cha Mwanza? Ndiyo, dagaa ni wa zamani, na asiyeonja sato wa Mwanza hajafika. Lakini sangara, ambaye minofu yake ilijaza viwanda tangu miaka ya 1990, alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza furu wengi. Umaarufu wake ni mdogo kwa umri kuliko pamba. Anayetaka chakula chenye tarehe ndefu zaidi aulize michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, vikachemshwa baadaye na kuliwa kwa maziwa au karanga. Au matobolwa, viazi ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Hizo ni akili za watu wanaojua kiangazi. Mvuvi hula alichovua jana. Mkulima wa Usukuma alipanga mlo wa miezi ijayo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yalianzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement. Je, huo si utamaduni uliopangwa na mgeni kwa ajili ya wageni? Jengo, sawa. Lakini ngoma za watemi zilizomo hazikutoka Kanada, na ushindani wa Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, ulikuwapo kabla yake. Kila Juni, wakati wa sikukuu ya kanisa iitwayo Bulabo, makundi hayo hushindana kwa ngoma na dawa kuvuta watazamaji, na wengi wa watazamaji hao ni wakulima wenyewe. Kanisa lilipata sikukuu yake, Wasukuma wakabaki na mashindano yao.

Zamani umbali ulikuwa kisingizio halali cha kuanza na mawe. Foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi ilikula saa nyingi. Juni 2025 daraja la JPM (John Pombe Magufuli), lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lilifunguliwa, na anayetoka Geita huvuka ghuba ya ziwa kwa dakika chache. Akifika Usagara anaweza kushika barabara ya mchepuko hadi Kisesa, akaanza na Bujora, na mawe akayaachia jioni.