Jinsia na Akili: Utafiti wa Watoto wa Kilogoli

Ruth na Robert Munroe, wanasaikolojia wa Marekani, waliwachunguza watoto wa Kilogoli magharibi mwa Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 1971. Walilinganisha umbali ambao kila mtoto alikwenda kutoka nyumbani wakati hajatumwa, na uwezo wake wa kunakili maumbo. Wavulana walikwenda mbali kuliko wasichana, na waliozoea kutembea mbali walinakili vizuri zaidi. Mwaka huohuo, wakiwa na Sara Nerlove, walitoa matokeo yanayofanana kutoka kwa watoto wa Wagusii, pia wa Kenya.

Mwaka 1999, mwanasaikolojia Doreen Kimura wa Kanada, katika kitabu chake kuhusu jinsia na akili, alisisitiza nafasi ya homoni katika tofauti hizo za wavulana na wasichana. Hata hivyo, matokeo ya watoto wa Kenya yanadokeza kwamba malezi nayo yana uzito: binti naye apewe nafasi ya kutembea na kucheza.