Safu ya Lugha: Kupakia si kupakua

Wapo vijana wa Mwanda, na wa Voi pia, wanaomwambia mwenye saiba, “Nipakulie cheti changu kwenye eCitizen,” ilhali cheti kimo simuni na kinatakiwa kupelekwa kwenye tovuti hiyo ya huduma za serikali. Hapo kitenzi ni kupakia. Kupakia na kupakua ni maneno ya mizigo tangu zamani: kabeji hupakiwa garini Mwanda, zikapakuliwa sokoni Voi. Katika intaneti, tovuti ndiyo gari. Unachokipeleka huko, unakipakia. Fomu uliyoitoa huko ikaingia simuni mwako, umeipakua, kitenzi kilekile cha kutoa wali chunguni. Tangu eCitizen ianze mwaka 2014 tunayahitaji yote mawili karibu kila siku, kwa hiyo tuyatenganishe.

Wengine husema “nimechapisha” wakimaanisha nimepakia. La hasha! Kuchapisha kumetokana na chapa, neno lenye asili ya Kihindi, na leo ni kutoa maandishi hadharani yasomwe. Cheti cha kuzaliwa unachokipakia ili kuomba pasipoti hakikuchapishwa, ni siri yako na ofisi. Tangazo la kazi la kaunti likiwekwa kwenye tovuti yake, hilo limechapishwa.