Lone Pine: Mji Ulioishi kwa Picha za Kauboi

Mwaka 1920 kikosi cha wapiga sinema kutoka Hollywood kilifika Lone Pine, mji mdogo wa wafugaji mashariki ya California, kupiga picha iliyoitwa The Round-Up. Stelingi alikuwa Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mnene aliyevuma enzi za picha zisizo na sauti. Hiyo ndiyo picha ya kwanza inayojulikana kupigwa hapo. Leo makumbusho ya mji huo yanahesabu zaidi ya picha 400, za sinema na za televisheni, na nyingi kati yake ni za kauboi.

Kilichowaleta ni mawe. Magharibi ya mji kuna vilima vya Alabama Hills, miamba ya kahawia yenye migongo ya mviringo, na baina yake vijia vyembamba ambamo adui anaweza kujibanza na bastola asionekane mpaka stelingi amfikie. Nyuma yake umesimama ukuta wa milima ya Sierra Nevada, ukiwa na kilele cha Mount Whitney chenye mita 4,421. Kamera ikielekea upande mmoja ni jangwa, ikigeuzwa kidogo ni theluji. Na Los Angeles haiko mbali, kama kilomita 340 kwa barabara, kwa hiyo kikosi kingeweza kutoka studio asubuhi na kulala Lone Pine usiku uleule.

Bonde hilo, Owens Valley, lilikuwa na tarehe yake kabla ya kamera, tena tarehe chungu. Wapaiute waliishi humo na kumwagilia mashamba kwa mifereji waliyoichimba wenyewe, hadi mwaka 1863 askari walipowakusanya karibu watu 1,000 na kuwaswaga kwa miguu hadi Fort Tejon. Jina la vilima lilitolewa na wachimba madini waliounga mkono majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe; walikisifu chombo chao cha kivita, Alabama. Mwaka 1864 meli ya Kaskazini iitwayo Kearsarge iliizamisha Alabama karibu na pwani ya Ufaransa, na wachimbaji wa upande wa pili hawakukawia kuyapa machimbo yao jina la Kearsarge. Mwaka 1872 tetemeko la ardhi liliua watu 27. Kisha, mwaka 1913, Los Angeles ilifungua mfereji wa zaidi ya kilomita 370 na kuyachukua maji ya mto Owens. Mashamba yakakauka, na baada ya miaka kumi na kitu ziwa Owens likawa uwanda wa chumvi na vumbi.

Ni muhimu kulikumbuka hilo unapoona jinsi Lone Pine ilivyowapokea watu wa sinema kwa mikono miwili. Mji uliokwisha kunyang'anywa maji ulibaki na kitu kimoja tu ambacho hakuna wa kukibeba.

Mwaka 1923 Walter Dow alijenga hoteli iliyopokea wasanii na mafundi wao. Mfugaji Russell Spainhower, mwenye Anchor Ranch, akawa mtu wa kutegemewa na kila mwongozaji: alikodisha farasi, ng'ombe na magari ya kukokotwa, na shambani kwake zikajengwa seti. Wenyeji walipata vibarua vya kuchunga farasi, kupiga misumari, kupika, na kupanda farasi wakiwa kundi la majambazi asubuhi na kundi la polisi wanaowafukuza mchana. Tom Mix alikuja kwa Riders of the Purple Sage, iliyotoka mwaka 1925. Roy Rogers, kijana aliyekuwa mwimbaji wa kundi, alipewa nafasi yake ya kwanza ya ustelingi katika Under Western Stars ya mwaka 1938, nayo ikapigwa hapohapo.

Kiangazi cha mwaka huo mji ulipata kazi kubwa kuliko zote. Mwongozaji George Stevens alikuja kupiga Gunga Din, akiwa na Cary Grant, Victor McLaglen na Douglas Fairbanks Jr. Hadithi inatokea mpakani mwa India, na Alabama Hills ikawa India: hekalu likajengwa, kijiji kikajengwa, na mahema ya kikosi yakapangwa kama mji wa pili. Picha ilitoka mwaka 1939 na kugharimu karibu dola milioni 1.9, kiasi ambacho kampuni ya RKO haikuwa imekitumia kwa picha yoyote kabla yake.

Lakini ukimuuliza mpenzi wa kweli wa Lone Pine mji huu ni wa nani, hatamtaja Cary Grant. Atamtaja William Boyd.

Boyd alikuwa stelingi wa picha zisizo na sauti, kipenzi cha mwongozaji Cecil B. DeMille. Mwaka 1931 mwigizaji mwingine mwenye jina hilohilo alikamatwa kwa kashfa, na magazeti yakachapa sura ya Boyd asiyehusika. Kazi ikamkauka. Mwaka 1935 mtayarishaji Harry Sherman alimpa nafasi ya Hopalong Cassidy, kauboi wa vitabu vya Clarence E. Mulford. Kitabuni Cassidy ni mtu mkavu mwenye mdomo mchafu. Boyd akamgeuza: nguo nyeusi, nywele nyeupe, farasi mweupe aitwaye Topper, na mtu asiyelewa, asiyetukana, anayempa adui nafasi ya kuchomoa bastola kwanza. Zilipigwa picha 66 hadi mwaka 1948, karibu nusu yake kwenye miamba ya Lone Pine.

Uamuzi wake mkubwa ulikuja pale studio zilipoona kauboi huyo amechakaa. Boyd aliuza mali zake na kukopa ili anunue haki za picha zote, jambo ambalo wengi waliliona ni wazimu. Televisheni ilikuwa ndiyo kwanza inaingia majumbani na haikuwa na cha kuonyesha. Mwaka 1949 kituo cha NBC kikaanza kumrusha Hopalong nchi nzima, na watoto wakamfuata kama walivyowahi kufuata wachache. Mwaka 1950 kampuni ya Aladdin ilibandika sura yake kwenye mkebe wa chakula cha shule, na ikauza mikebe 600,000 katika mwaka mmoja. Hapo ndipo ilipozaliwa hamu ya mambo ya zamani ambayo hadi leo inajaza hoteli za Lone Pine: wazee wanaokuja ni watoto wale waliobeba mikebe ile. Boyd mwenyewe alipozeeka na kuugua alikataa kupigwa picha, ili watoto wabaki na sura waliyoijua. Alifariki mwaka 1972.

Katikati ya kipindi hichohicho cha raha, kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, serikali ilifungua kambi ya Manzanar mwaka 1942 na kuwafungia humo Wamarekani wenye asili ya Japani, zaidi ya watu 10,000 kwa wakati mmoja. Sinema ilikaa kimya muda mrefu. Mwaka 1955 ikatoka Bad Day at Black Rock ya John Sturges, iliyopigwa karibu na Lone Pine: Spencer Tracy anashuka kwenye treni katika kijiji cha jangwani kumtafuta mkulima Mjapani, na kila anayemuuliza anakwepa, kwa kuwa mkulima ameuawa na wote wanajua. Picha haiitaji Manzanar. Hata hivyo hakuna picha ya Lone Pine iliyousogelea ukweli wa bonde lake kama hii, na inastahili kutajwa mbele ya nyingi zenye farasi wengi zaidi.

Kwa wajuzi wa kazi, kilele kilikuja baadaye kidogo. Mwongozaji Budd Boetticher, mwandishi Burt Kennedy na stelingi Randolph Scott, mzee mrefu mwenye uso kama ngozi ya tandiko, walipiga hapo Seven Men from Now (1956), The Tall T (1957), Ride Lonesome (1959) na Comanche Station (1960). Fedha zilikuwa kidogo, na picha ilikamilishwa kwa chini ya wiki tatu. Umasikini huo ukawa faida. Hakuna umati, hakuna mji, ni watu watano au sita na mawe. Tazama Ride Lonesome: Scott amepanda farasi taratibu, mwamba unamficha, unamwachia, unamficha tena, nawe unaanza kuuogopa mwamba wenyewe. Adui wa picha hizi, Lee Marvin, Richard Boone, wana mazungumzo matamu kuliko ya stelingi, na mtazamaji anasikitika wanapopigwa risasi.

Baada ya hapo kazi ikapungua. Televisheni ilikuwa na michezo zaidi ya 20 ya kauboi kwa wiki mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini mingi ilipigwa karibu na studio ili kuokoa gharama. Steve McQueen alikuja kwa Nevada Smith (1966), Clint Eastwood kwa Joe Kidd (1972), kisha zikabaki hasa picha za matangazo ya biashara.

Mwaka 1990 wenyeji walianzisha tamasha la filamu la kila Oktoba. Roy Rogers mwenyewe alikuja kuzindua bamba la kumbukumbu kwenye njia panda ya barabara iitwayo Movie Road. Mwaka huohuo Dave Holland alichapisha kitabu kinachoeleza picha gani ilipigwa penye mwamba gani, na kazi hiyo imekuwa ibada ya wapenzi: mtu anashika picha ya mnato mkononi, anaisogeza mbele ya jicho, anapiga hatua mbili kushoto, anachuchumaa kidogo, mpaka ufa wa mwamba karatasini unalingana na ufa ulio mbele yake. Mahali lilipokuwa hekalu la Gunga Din bado huonekana mabaki ya plasta. Huu ni utafiti kamili wa historia, uliofanywa na watu wasiolipwa.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 2006, na mwaka 2019 sheria ya Bunge la Marekani iliifanya Alabama Hills kuwa eneo la mandhari linalolindwa. Ndani ya makumbusho kuna gari la Plymouth la mwaka 1937 aliloendesha Humphrey Bogart katika High Sierra, na gari la farasi la daktari wa meno kutoka Django Unchained. Kuna pia mfano wa lile dude la ardhini la Tremors, picha iliyotoka mwaka ule tamasha lilipoanza. Waliokuwa watoto wakati huo sasa nao ni watu wazima, wanakuja Lone Pine na kuuliza miamba ya Tremors iko upande gani, na wenyeji wanawaelekeza.