Mwaka 536: miti na barafu vilipogombana

Mtandaoni utaambiwa 536 ndio mwaka mbaya kuliko yote binadamu waliowahi kuishi. Labda. Mimi kinachonivutia zaidi ni ugomvi wa ushahidi wake.

Tuanze na walioona. Procopius, mwanahistoria wa Bizanti, aliandika kwamba jua lilitoa mwanga usio na ukali, kama mwezi. Italia, ofisa mkuu Cassiodorus alimwandikia naibu wake kuwa jua limekuwa la rangi ya samawati na adhuhuri watu hawana vivuli.

Mshukiwa ni volkano. Mlipuko mkubwa hurusha gesi ya salfa juu sana angani, ambako hugeuka matone madogo yanayozuia miale ya jua. Baadaye salfa hiyo huanguka pamoja na theluji. Kwa hiyo chimba barafu ya Greenland, hesabu matabaka yake mwaka baada ya mwaka, utaikuta. Rahisi, sivyo?

Wapi! Miti ya Ulaya, inayoongeza pete moja kila mwaka, ilionyesha pete nyembamba kuanzia 536, dalili ya kiangazi cha baridi. Lakini salfa kwenye barafu ilikuwa kwenye tabaka la mwaka 529 hivi. Yaani volkano ilipuke, halafu baridi isubiri miaka 7? Kuna waliofikia kushuku nyota yenye mkia.

Jibu lilitoka karne nyingine kabisa. Mwaka 2012 Fusa Miyake na wenzake walikuta kaboni-14 imepanda ghafla kwenye pete za mierezi ya Japani za 774 na 775. Chanzo chake ni chembe zilizotoka anga za mbali na kuipiga dunia nzima, kwa hiyo barafu nayo lazima iwe na alama ya tukio hilohilo. Michael Sigl na wenzake wakaitafuta, wakaikuta kwenye tabaka lililohesabiwa kuwa la 768. Basi, wahesabuji wa barafu walikuwa wamepitiwa miaka 7! Mwaka 2015 kalenda ikasahihishwa, salfa ikaangukia 536 palepale, na mlipuko wa pili ukaonekana mwaka 540.

Mwaka 541 tauni ikazuka Pelusium, Misri. Volkano haileti bakteria, jamani, ingawa njaa huenda iliwakuta watu wakiwa dhaifu.

Cassiodorus hakujua kwamba mshukiwa ni volkano. Kwenye barua ileile alimwagiza naibu wake atumie akiba ya mavuno ya mwaka uliopita, yaliyokuwa mazuri, ili watu wale.