Nishati katika uchimbaji wa shaba, Lubumbashi

Nishati katika uchimbaji wa shaba wa Lubumbashi ni umeme, dizeli na joto vinavyotumika kuchimba mawe yenye shaba, kuyasaga na kupata shaba safi katika migodi na viwanda vya jiji hilo na viunga vyake, jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Shaba ya Katanga ina sifa ya kuwa tajiri kuliko ya nchi nyingi, lakini umeme wa kuihudumia hautoshi. Kwa hiyo ufanisi, yaani kupata tani ileile kwa nishati pungufu, ni suala la uzalishaji wenyewe na pia la haki ya wakazi wanaotegemea gridi moja na migodi.

Historia

Karne nyingi kabla ya ukoloni, wahunzi wa Katanga waliyeyusha malakiti katika tanuru za udongo kwa mkaa wa miti ya miombo, wakamimina shaba katika kalibu za misalaba iliyotumika kama fedha.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la jiji likatoa shaba yake ya kwanza kutokana na mawe ya mgodi wa Étoile. Tanuru hilo lilihitaji koke (makaa ya mawe yaliyookwa), na koke ililetwa kwa treni kutoka Wankie (sasa Hwange, Zimbabwe), safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Gharama hiyo ilifanya mawe yenye shaba kidogo yasilipe kuyeyushwa.

Suluhisho lilikuwa umeme wa maporomoko ya mito. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililozaa ziwa Tshangalele, lilikamilika mwaka 1930, sambamba na kiwanda cha elektrolisi cha Likasi. Koni ilifuata mwaka 1950, kisha Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. Katikati ya miaka ya 1950 umeme wa Katanga ulitosha hata kuuzwa kwa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mitambo hiyo minne, yenye uwezo wa jumla wa karibu megawati 470, ilijengwa kwa ajili ya shaba.

Baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967, kampuni ya serikali, iliyokuja kuitwa Gécamines, ilitarajiwa kukua. Ndipo ukajengwa mstari wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa takriban kilomita 1,700 na msongo wa volti 500,000, uliokamilika mwaka 1982. Kwa kuwa unabeba umeme wa mkondo mnyoofu, vijiji na miji iliyo chini ya nyaya zake haiwezi kuchota umeme bila kituo ghali cha kuubadili. Muda mfupi baadaye uzalishaji ulianguka: Gécamines iliyokuwa ikitoa karibu tani 500,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, miaka kumi baadaye ilitoa chini ya tani 50,000. Umeme ulikuwapo, shaba haikuwapo. Baada ya Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 hali iligeuka. Wawekezaji walimiminika, na mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3, wakati mitambo ya Shirika la Taifa la Umeme, SNEL, ilikuwa imechakaa kwa kukosa matengenezo.

Nishati inavyotumika

Katika migodi ya wazi kama Ruashi, ndani ya jiji, na Kinsevere, kaskazini mwake, malori na mashine za kuchimbia hula dizeli. Shimo linavyozidi kwenda chini, kila tani husafirishwa mbali zaidi na kwa mlima mkali zaidi. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kipushi una mzigo mwingine, nao ni maji. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa kimo cha mita 1,000 huhitaji kilowati-saa 2.7 hata kabla ya kuhesabu upotevu wa pampu, na kazi hiyo haisimami hata mgodi usipozalisha. Mwaka 2011 pampu zilishindwa na maji yakafurika sehemu za chini.

Hatua inayofuata ni kusaga. Sehemu kubwa ya nishati ya kinu huishia kuwa joto na kelele, na sehemu ndogo tu ndiyo inayopasua jiwe.

Mawe ya oksidi, yaliyo karibu na uso wa ardhi, huloweshwa katika asidi ya salfuriki, kisha shaba hunaswa kwa umeme kwenye mabamba yanayoitwa kathodi. Elektrolisi hii hutumia takriban kilowati-saa 2,000 kwa tani moja. Kiwanda cha tani 100,000 kwa mwaka huhitaji basi megawati 23 usiku na mchana kwa hatua hiyo peke yake, zaidi ya nusu ya uwezo wa Koni. Kusafisha shaba iliyokwisha kuyeyushwa kwa njia ya umeme hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, kwa sababu anodi, yaani bamba linaloikabili kathodi, yenyewe ni shaba na hakuna haja ya kuvunja maji ili kukamilisha mkondo.

Mawe ya salfaidi, yaliyo chini zaidi, hubeba kuni zake yenyewe. Salfa iliyomo ikiungua hutoa joto, na gesi yake hugeuzwa kuwa asidi. Kinsevere imejenga tanuru la kuchoma salfaidi kwa mpango huo.

Kukatika kwa umeme

Umeme ukizimika ghafla, hasara haiishii kwenye saa zilizopotea. Tope la mawe hutuama katika matangi, asidi huanza kuila shaba iliyokwisha kushika, na ganda la anodi za risasi hubanduka na kuichafua kathodi. Kwa sababu hiyo viwanda huweka jenereta za dizeli, ambazo umeme wake ni ghali kuliko ule wa maji, au hununua umeme wa nje kupitia Zambia kwa mstari unaofika kituo cha Karavia, Lubumbashi.

Njia za ufanisi

Nyingi ni za kila siku. Katika ukumbi wa elektrolisi, sehemu moja ya kumi ya volti ikipunguzwa kwenye kila seli, yaani kila tangi la mabamba, huokoa karibu asilimia 5 ya umeme wa hatua hiyo. Shaba ikiota vinundu hadi kathodi iguse anodi, mkondo hupita bure: seli hupata moto bila kuongeza shaba. Wafanyakazi hupita juu ya seli wakitafuta joto hilo kwa kamera, wakitenganisha mabamba na kuosha viungo vya shaba vilivyoshika kutu. Kobalti, inayoambatana na shaba ya Katanga, nayo husaidia: kiasi kidogo chake katika mmumunyo hushusha volti inayohitajiwa na anodi.

Baruti ikipangwa vizuri, jiwe hupasuka vipande vidogo zaidi na kinu hupata nafuu. Joto linalotoka wakati wa kutengeneza asidi huweza kuzalisha mvuke wa kuendeshea jenereta. Mlima wa taka za tanuru unaokaa chini ya dohani kuu ya Lubumbashi umekuwa ukiyeyushwa upya kwa umeme tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kutoa kobalti na shaba iliyoachwa zamani, bila kuchimba jiwe jipya.

Nje ya viwanda, kampuni za madini zimegharimia ukarabati wa mitambo ya umma. Mwadingusha ilirudi kwenye gridi mwaka 2021 ikiwa na megawati 78, kwa fedha za mgodi wa Kamoa-Kakula. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 iliruhusu pia wazalishaji binafsi. Umeme wa jua unaongezeka, ila elektrolisi hailali usiku, hivyo unahitaji betri.

Jiji na gridi

Familia nyingi za Lubumbashi bado hupika kwa mkaa, na miombo inayozunguka jiji inazidi kurudi nyuma. Uhaba wa umeme wa nyumbani una sababu nyingi, ikiwemo transfoma zilizozidiwa na nyaya chakavu mitaani, kwa hiyo megawati iliyookolewa kiwandani haifiki jikoni yenyewe. Ili ifike, ukarabati wa mabwawa lazima uende pamoja na ukarabati wa mtandao wa jiji, na migodi itangaze kilowati-saa kwa kila tani kama inavyotangaza tani zenyewe. Kipimo hicho ndicho kitakachoonyesha nani anatumia vizuri maji ya Lufira na Lualaba, ambayo ni mali ya wote.