Kelele za kichomeo cha boila ya mafuta: utambuzi na matengenezo

Kichomeo cha boila ya mafuta ni mtambo unaonyunyiza mafuta kwa shinikizo, kuyachanganya na hewa na kuyawasha, ili moto wake upashe maji yanayotia nyumba joto. Hupatikana sana vijijini Uingereza na Ireland, sehemu ambazo bomba la gesi halijafika, na katika majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Katika jimbo la Maine, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimehamia miji ya Portland na Lewiston, mafuta ndiyo nishati kuu ya kupashia nyumba joto.

Kichomeo kizima huvuma kwa feni na kunguruma kwa utulivu. Sauti hiyo ikibadilika, kuna kitu kimelegea, kimeziba au kimechakaa. Fundi mzuri hakimbilii kununua vipuri. Kwanza husikiliza kelele inaanza lini na kuisha lini, maana wakati wake humwonyesha pa kuanzia kutafuta.

Sehemu zake na mwendo wa kazi

Mota moja ya umeme huzungusha feni na pampu ya mafuta kwa pamoja. Kwenye umeme wa Ulaya wa hezi 50 huenda takriban mizunguko 2,800 kwa dakika, na kwenye ule wa Marekani wa hezi 60 takriban 3,450. Baina ya mota na pampu kuna kapulingi, kiungo kidogo ambacho mara nyingi ni cha plastiki. Pampu huvuta mafuta tangini kupitia chujio na kuyasukuma kwa shinikizo ambalo, kwa vichomeo vingi vya nyumbani, ni bar 7 hadi 10. Valvu ya sumaku hufungua njia, nozeli huyageuza mafuta kuwa ukungu, na cheche baina ya elektrodi mbili huuwasha. Fotoseli hutazama mwali. Isipouona, kisanduku cha udhibiti hufunga mafuta, huzima mota na kuwasha taa nyekundu.

Mpangilio huu ndio ramani ya kusikilizia. Katika vichomeo vingi vya Ulaya feni huzunguka kwanza bila moto kwa sekunde 10 hadi 15, ikifukuza gesi zilizobaki. Kelele inayosikika wakati huo hutoka kwenye mota, feni, kapulingi au pampu. Inayoanza pamoja na mwali huhusu mafuta, hewa au dohani. Inayokuja baada ya kuzima huashiria mafuta yanayovuja, au ina chanzo nje ya kichomeo.

Kelele za mitambo

Mota inayovuma bila kuzunguka huwa na kapasita dhaifu, au inazuiwa na pampu iliyokwama. Jaribio la kutofautisha sababu hizi ni rahisi. Umeme unakatwa kwenye swichi kuu, kisha feni inazungushwa kwa kidole. Inapaswa kwenda kwa wepesi; ikienda hivyo, kapasita ndiyo ya kushukiwa. Ikiwa nzito, pampu inafunguliwa na kuvutwa pembeni, halafu feni inajaribiwa tena. Ikiwa sasa ni nyepesi, kasoro iko kwenye pampu. Ikibaki nzito, beringi za mota zimekufa.

Beringi mbovu hutoa mlio mwembamba wa kukwaruza unaoendelea hata umeme ukishakatwa, hadi mota isimame. Katika vichomeo vidogo kwa kawaida hubadilishwa mota nzima. Feni yenye vumbi na masizi kwenye mapanga yake hupoteza mizani na kutikisa boila yote. Husafishwa kwa brashi, na skrubu inayoishika kwenye shafti hukazwa.

Kapulingi iliyochakaa hugongagonga. Ukiitoa utaona tundu lililokuwa na pande bapa limeliwa na kuwa la mviringo, na chini yake pamejaa unga wa plastiki. Ikikatika kabisa, mota huzunguka lakini mafuta hayafiki. Kipuri hiki ni cha bei ndogo, ila kabla ya kufunga kipya ni lazima kuhakikisha pampu inazunguka kwa wepesi. Kama pampu ndiyo iliyokivunja cha kwanza, itakivunja na cha pili.

Kelele za mafuta

Pampu inayolia kama mluzi, na kuzidi kadiri inavyofanya kazi, inavuta kwa taabu. Sababu za kawaida ni chujio lililoziba, tope na maji chini ya tangi, valvu ya tangi iliyofunguliwa nusu, bomba lililobanwa au tangi lililo chini mno kuliko kichomeo. Huko Marekani, mafuta ya nyumbani yanakaribiana na dizeli, na tangi lililo nje huyaacha yagande wakati wa baridi kali. Mafuta ya taa yanayotumika zaidi Uingereza na Ireland huvumilia baridi vizuri zaidi.

Kipimo cha kuamua hapa ni geji ya mvuto inayofungwa upande wa kuingilia wa pampu. Mvuto ukipita takriban bar 0.35, hewa iliyoyeyuka ndani ya mafuta huanza kutengana, na mapovu yake ndiyo yanayoifanya pampu ilie na mwali uyumbe. Geji ikionyesha mvuto mdogo na mapovu bado yapo, hewa inaingia kwenye kiungo fulani cha bomba. Baada ya kusafisha chujio na kukaza viungo, hewa hutolewa kupitia skrubu yake pampuni hadi mafuta yatoke bila povu.

Kuna skrubu nyingine ndogo ya kuangaliwa sana pampu inapobadilishwa: ile ya mfumo wa mabomba mawili, moja la kuleta mafuta na jingine la kuyarudisha tangini. Ikiachwa ndani ya pampu iliyofungwa kwenye bomba moja, mafuta ya ziada hukosa njia ya kurudi, na shinikizo huharibu sili ya shafti.

Kelele za moto

Mshindo wakati wa kuwasha maana yake mafuta yamenyunyizwa kabla ya kushika moto, yakajikusanya, kisha yakalipuka kwa pamoja. Hukaguliwa elektrodi (umbali wake, kaure iliyopasuka, masizi), maji ndani ya mafuta, hewa iliyozidi na nozeli.

Mngurumo wa kupwita wakati moto unawaka huashiria kwamba hewa na moshi havipiti sawasawa: dohani imeziba, masizi yamejaa ndani ya boila, sili ya mlango inavuja, au nozeli haifai. Nozeli huandikwa kiasi cha mafuta kwa saa, pembe ya mnyunyizo na umbo lake. Yenye alama 0.60 hupitisha galoni 0.60 za Marekani kwa saa, yaani takriban lita 2.3, kwa shinikizo la bar 7. Likipandishwa hadi bar 10, kiasi huongezeka kwa karibu asilimia 20. Kwa hiyo anayebadilisha shinikizo bila kubadilisha nozeli amebadilisha moto wote. Nozeli haichokonolewi kwa waya. Tundu lake likikwaruzwa mnyunyizo huharibika. Hubadilishwa kila mwaka wakati wa sevisi.

Mngurumo mfupi baada ya kuzima hutokana na nozeli inayodondosha, ama kwa sababu valvu ya sumaku haifungi vizuri, ama kwa sababu hewa iliyonaswa kwenye njia ya nozeli hutanuka shinikizo linaposhuka na kusukuma mafuta nje.

Kelele zisizo za kichomeo

Boila inayotokota kama birika ina ukoko wa chokaa au tope ndani, au maji hayazunguki kwa kasi inayotakiwa. Sauti hii huendelea kwa muda hata kichomeo kikizima, kwa kuwa chuma bado ni cha moto. Dawa yake ni kusafisha mfumo wa maji na kukagua pampu ya kuzungusha maji.

Vipimo na usalama

Mwenye nyumba anaweza kuangalia kiwango cha mafuta, valvu ya tangi na matundu ya hewa, na kueleza kwa usahihi kelele inasikika wakati gani. Asibonyeze kitufe cha kuwasha upya mara kwa mara: kila jaribio lililoshindikana huongeza mafuta ndani ya chumba cha moto, na yatakapowaka yanaweza kulipuka.

Kazi ya nozeli, shinikizo na hewa ni ya fundi mwenye vipimo. Nchini Uingereza wengi wamesajiliwa na OFTEC, chombo kilichoanzishwa 1991. Jicho haliwezi kupima moto. Baada ya matengenezo hupimwa moshi, ambao kwa kawaida haupaswi kuzidi namba 1 ya kipimo cha moshi, kabonidayoksaidi, ambayo mara nyingi huwa asilimia 10 hadi 12, pamoja na joto la dohani na kabonimonoksaidi. Gesi hii ya mwisho haina rangi wala harufu, na huua, kwa hiyo inafaa kuwe na king'ora chake katika kila nyumba yenye boila. Kichomeo kilichonyamaza kikiwa hakijapimwa hakijatengenezwa bado.